Umar Khayyam na Hesabu ya Kaabu

Abul-Fat-h Umar bin Ibrahim, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Nishapur katika nchi ya Ajemi, mwaka 439 Hijriya, ndio 1048 Miladiya. Khayyam maana yake ni mshona hema. Watu wengi humjua kwa mashairi, na mengi katika hayo ametiliwa jina tu. Ilimu yake khasa ilikuwa hesabu na falaki.

Hesabu za mraba Al-Khwarizmi alikwisha zibainisha zaidi ya miaka 200 kabla yake. Walakini kaabu, yaani nambari iliyozidishwa kwa nafsi yake kisha ikazidishwa kwayo tena, ilikuwa mlango mzito. Ni nambari gani ambayo kaabu yake, ikiongezwa mara 4 yake, huwa 16? Mwenye kukisia ataona ni 2, kwani 8 na 8 ni 16. Lakini ikitakiwa 17, kukisia hakumfai kitu: hapana nambari nzima wala ya sehemu itakayotimia.

Umar alipokuwa Samarkand, karibu mwaka 1070, katika himaya ya Kadhi Abu Tahir, alitunga risala ya hesabu hizo. Akapata aina 14 za kaabu zisizopunguka kuwa mraba, na kila aina akaitolea njia ya kuchora. Katika mfano huo hupigwa duara ya kipenyo 4, na katika ncha moja ya kipenyo huanzishwa mstari wa kupinda, ule upatikanao pia ikikatwa sambamba na ubavu wake. Vikatanapo, hushushwa mstari wima mpaka kipenyo. Urefu tangu ncha ile ndio jawabu. Ikiwa ni 17, kipenyo huwa 4 na robo, na kazi ni ile ile.

Wala hakuficha upungufu. Aliandika wazi kuwa njia ya nambari tupu kwa aina hizo hakuipata yeye wala waliomtangulia, akataraji kuwa ataipata atakayekuja nyuma. Kanuni hiyo ilipigwa chapa na Cardano, Mtaliana, mwaka 1545.

Mwaka 1074 Sultani Malik Shah alimwita Isfahan kupima nyota pamoja na wenziwe, na kalenda ya Jalali ikatoka mwaka 1079. Mwaka 1092 waziri Nidham al-Mulk aliuawa, na Sultani naye akafa. Fedha ya kazi ikakatwa, na watu wakaitilia shaka dini yake. Imepokewa kuwa alikwenda Hija.

Alikufa Nishapur mwaka 526 Hijriya, ndio 1131. Mkwewe alisimulia kuwa siku hiyo alikuwa akisoma Shifa ya Ibn Sina. Akatia alama mahali alipofika, akausia watu wake, akasali Isha, na katika sijda akamwomba Mola msamaha, kwa kuwa amemjua kwa kadiri ya uwezo wake; kisha roho ikatoka.