Papa Simon Kimbangu: Miezi Mitano na Miaka Thelathini

Leo tunataka kukumbushana maisha ya Papa Simon Kimbangu. Wengi wenu mnayajua tangu utoto. Lakini mtume Petro naye aliwaandikia watu waliokwisha kuijua kweli, apate kuwaamsha kwa kuwakumbusha.

Alizaliwa Nkamba, katika Bas-Congo, mwaka wa 1887. Mwaka wa 1915 alibatizwa katika misheni ya Wabatisti, kisha akawa mwalimu wa dini. Tarehe 6 Aprili 1921, kule Ngombe-Kinsuka, alimwombea mama mgonjwa kwa jina la Yesu, naye akapona. Ndipo watu wakaacha kazi zao, wakamiminika Nkamba. Mafundisho yake yalikuwa machache na ya wazi: kumwamini Kristo, kuteketeza fetishi, kuacha wake wengi na ngoma za aibu.

Tuhesabu pamoja. Alikamatwa tarehe 12 Septemba 1921. Ni miezi mitano tu, na tena sehemu yake alikuwa mafichoni. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu kifo. Mfalme Albert wa Kwanza akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku Katanga, katika gereza la Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na humo alikufa tarehe 12 Oktoba 1951.

Basi, mafundisho ya miezi mitano yaliishi namna gani miaka thelathini bila mwalimu? Yaliishi kwa kukumbushana. Mikutano ilikatazwa, waamini wengi wakahamishwa kwa nguvu mbali na kwao. Mama Maria Muilu, mke wake, aliwaongoza waliobaki kwa siri. Alifariki Aprili 1959. Desemba ya mwaka ule ule serikali ililitambua kanisa.

Na sisi je? Leo hakuna askari anayetuvizia mlangoni. Lakini mtoto akiugua usiku, wangapi kati yetu wanakimbilia hirizi, wao walioimba kanisani asubuhi? Amri tunaijua kichwani. Moyo ndio uliosahau. Moto usiochochewa huzimika, hata kama kuni ni nyingi.

Kwa hiyo tusichoke kusikia neno lile lile. Tuwaambie watoto wetu, tuambiane sisi kwa sisi. Bwana awabariki wote. Amina.