Gregory Maloba, Mfinyanzi wa Sanamu na Mwalimu

Sisi tukaao Ushongo, kusini ya Pangani, twajua ya kuwa mchanga wa pwani haushikamani. Chungu na mtungi hutaka udongo wa mfinyanzi, na kazi hiyo kwa desturi ni ya akina mama, nayo hujifunzwa nyumbani. Leo twapenda kuwaeleza habari za mtu aliyeifanya kazi ya udongo kuwa somo la chuo kikuu.

Gregory Maloba alizaliwa mwaka 1922 katika nchi ya Mumias, magharibi ya Kenya. Husimuliwa kwamba angali kijana alimwona padre wa misheni akiitengeneza sanamu ya Bikira Mariamu iliyovunjika. Hapo akatambua ya kuwa sanamu ni kazi ya mikono ya watu, naye akatamani kuijua.

Siku zile huko Makerere, Uganda, Bibi Margaret Trowell alikuwa akifundisha picha na sanamu. Alianza katika miaka ya 1930 barazani pa nyumba yake, maana kazi hiyo haikuhesabiwa bado kuwa elimu ya chuo. Maloba akawa mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza. Mwaka 1941 alichonga katika mti sanamu iitwayo Mauti, nayo ikamjulisha kwa watu. Baadaye akaenda Uingereza kuongeza masomo, kisha akarudi kufundisha Makerere, kama alivyofanya mwenzake Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame.

Afundishaye sanamu za udongo hana budi kuwa na saburi. Udongo hukandwa mpaka hewa itoke. Sanamu kubwa hufanywa yenye uwazi ndani. Kisha huachwa ikauke polepole. Unyevu ukibaki katika udongo mnene, moto huupasua, na kazi ya majuma mengi hupotea kwa saa moja. Mama zetu wafinyanzi wayajua hayo yote, ingawa hawakuandikiwa shahada.

Tena mwalimu wa namna hii ana shida nyingine: saa awapazo wanafunzi ni saa zilizoondolewa katika kazi yake mwenyewe. Maloba alizitoa saa hizo kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1950 Elimo Njau wa Marangu alisoma Makerere, naye akachora picha kubwa ukutani mwa kanisa la Murang'a, Kenya. Mwaka 1966 Maloba akahamia chuo kikuu cha Nairobi, akawa mkuu wa idara ya usanifu. Alifariki mwaka 2007.

Kazi yake ijulikanayo kupita zote ni sanamu ya saruji mjini Kampala, ukumbusho wa uhuru wa Uganda wa mwaka 1962. Mama amesimama, mwili wake umefungwa kwa vitambaa, naye amemwinua mtoto ambaye mikono yake i juu, haina kifungo. Picha yake imo katika noti za Uganda zilizotolewa mwaka 2010. Watu huishika sokoni, na wengi hawalijui jina la aliyeifanya.

Basi, wazazi, mkimwona mtoto akifinyanga ng'ombe wa udongo kando ya mto, msimkemee kwamba apoteza wakati. Mwulizeni amefanyaje, mkamwonyeshe bibi ajuaye kuuchoma udongo usipasuke.