Bwana Raiffeisen, Baba wa Vyama vya Mikopo vya Wakulima

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya mwaka wa kumi wa Chama Kikuu chetu, yafaa tumkumbuke mtu ambaye hakupata kukanyaga ardhi ya Afrika, lakini kazi yake imo katika kila daftari la mikopo tulilo nalo. Mtu huyo ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani.

Alizaliwa tarehe 30 Machi, 1818, katika kijiji cha Hamm kando ya mto Sieg, katika nchi ya vilima iitwayo Westerwald, ambayo siku hizo ilikuwa chini ya Mfalme wa Prussia. Alikuwa mtoto wa saba katika ndugu tisa. Wazazi wake hawakuwa na mali ya kumpeleka katika shule za juu, basi mchungaji wa kanisa la kijijini alimfundisha. Alipotimia umri wa miaka 17 aliingia jeshini, akawa askari wa mizinga. Lakini ugonjwa wa macho ulimshika, na mwaka 1843 ikambidi aliache jeshi na kuingia katika kazi ya serikali. Mwaka 1845 alifanywa meya wa vijiji vya Weyerbusch, naye hata miaka 30 hajaitimiza.

Hali ya wakulima aliyoikuta huko ilikuwa ngumu. Ardhi ilikuwa haba na baridi ilikuwa kali. Mkulima aliyefiwa na ng'ombe, au aliyekosa mbegu, hakuwa na benki ya kumsikiliza. Alimwendea mkopeshaji, naye alimpa fedha au mnyama kwa riba nzito. Mavuno yakija, hayakutosha kulipa. Deni likazaa deni, na mwisho shamba likauzwa. Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Watu wa Westerwald waliyajua matanga hayo vizuri.

Mwaka 1846 mazao yaliharibika, na katika majira ya baridi yaliyofuata njaa ikaingia. Serikali ilileta unga, lakini ilitoa amri kwamba usitolewe ila kwa fedha taslimu. Maskini hawakuwa na fedha. Bwana Raiffeisen hakuifuata amri hiyo: aliwapa wenye njaa unga kwa mkopo, akawakusanya wenye uwezo wachange fedha, wakanunua nafaka na kujenga tanuri la mikate. Mkate ukauzwa kwa bei nafuu, na waliokopa wakalipa baadaye.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, na mwaka 1849 alianzisha huko chama cha kuwasaidia wakulima wasio na mali. Matajiri wapatao 60 waliweka mali zao kuwa dhamana, chama kikakopa fedha, kikanunua ng'ombe na kuwapa wakulima, nao wakalipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitano. Mwaka 1852 alihamishiwa Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied kwenye mto Rhine, na mwaka 1854 akaanzisha chama kingine. Hiki kilichukua kazi nyingi zaidi: kutunza watoto walioachwa, kuwatafutia kazi watu waliotoka gerezani, na kukopesha wakulima.

Hapa ndipo alipopata fundisho kubwa la maisha yake. Vyama hivyo vyote vilikuwa vya hisani. Mwenye nacho alitoa, asiye nacho akapokea. Miaka ilipopita, matajiri walichoka kubeba dhamana ya madeni yasiyowahusu, na wakopaji nao waliona chama kuwa mali ya watu wengine. Kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa dini, alitumaini sana ukarimu wa watu, na haikuwa rahisi kwake kukubali kwamba ukarimu peke yake hautoshi. Lakini alikubali. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kiliundwa upya kuwa chama cha mikopo, na sharti lake la kwanza lilikuwa hili: anayetaka kukopa hana budi awe mwanachama, na wanachama wote wadhaminiane.

Taratibu zake zilikuwa chache na wazi. Chama kilikuwa cha eneo dogo, ili kila mtu ajulikane tabia na jirani zake. Mwombaji alikubaliwa kwa uaminifu wake, si kwa wingi wa mali yake. Mkopo ulitolewa kwa kazi yenye manufaa, kama kununua mnyama au mbegu, nao ulihitaji mdhamini. Mwenye akiba aliiweka katika chama, na akiba hiyo ikawa mkopo wa jirani yake. Wajumbe wa halmashauri hawakulipwa mshahara. Mtunza hesabu tu ndiye aliyelipwa. Ziada haikugawanywa, bali ilitunzwa kuwa akiba ya chama. Na chama kikishindwa kulipa, wanachama wote walidaiwa kwa mali zao. Kwa hiyo kila mmoja aliangalia kwa makini nani anakopa, na kwa kazi gani.

Mwaka 1863 alifiwa na mkewe Emilie, naye mwenyewe aliugua. Macho yakazidi kufifia, na mwaka 1865 akastaafu. Malipo ya uzeeni hayakutosha, ikambidi afanye biashara ya sigara na baadaye ya mvinyo. Binti yake Amalie alimsomea na kumwandikia. Katika hali hiyo ndipo alipotoa, mwaka 1866, kitabu chake juu ya vyama vya mikopo, kilichowafunza watu wa mbali jinsi ya kuviunda. Mwaka 1872 aliviunganisha vyama vya nchi ya Rhine katika benki moja kuu, ili chama chenye fedha nyingi kikisaidie kilichopungukiwa. Alifariki tarehe 11 Machi, 1888, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 70.

Mbegu yake ilienea. Mwaka 1900 Alphonse Desjardins alifungua chama cha namna hiyo huko Lévis, Kanada. Serikali ya Uhindi, baada ya kuchunguza vyama vya Raiffeisen, ilitunga sheria ya vyama vya mikopo mwaka 1904. Kwa mfano wa Uhindi Waingereza walitunga sheria za ushirika katika makoloni yao mengine, na Tanganyika ikapata yake mwaka 1932. Mwaka uliofuata Chama Kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kiliandikishwa.

Mkulima ambaye bado hajajiunga na chama cha akiba na mikopo, na amwendee katibu, aombe kusomewa masharti, ajaze fomu, alipe kiingilio, anunue hisa na kuanza kuweka akiba. Siku hizi dhamana ya mwanachama kwa kawaida haizidi hisa zake, wala hakuna atakayeuziwa shamba kwa deni la mwenziwe. Hata hivyo, asiyelipa bado anakula akiba ya jirani yake, wala si fedha ya serikali au ya mfadhili.

Nanyi viongozi, kumbukeni kwamba vyama vya Raiffeisen vilisimama kwa sababu hesabu zilisomwa mbele ya watu waliojuana, na mkopo haukutolewa kwa urafiki. Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka kumi. Kitatimiza mingine kumi iwapo kila mkopaji atajihesabu kuwa mwenye chama, na kila mwenye chama atalipa kwa siku yake.