Mathias Mnyampala, mtafiti wa Ugogo

Kila mwaka katika kijitabu hiki tunamkumbuka mtu mmoja wa kwetu aliyetangulia. Safari hii tumemchagua Mathias Eugen Mnyampala. Wengi wetu tulimjua shuleni kama mshairi, yule mzee wa ngonjera. Hapa tunamzungumzia kama mtafiti, kwa sababu upande huo umesahaulika nyumbani wakati ugenini unaendelea kutajwa.

Alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, jirani na pale ulipojengwa Mji wa Serikali wa Mtumba. Ulikuwa mwaka mbaya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakatika. Njaa iliyofuata, hadi 1920, wazee wetu waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox wa Marekani amekadiria kwamba iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 wa eneo hili.

Mnyampala alisoma kwa Wakatoliki, akafundisha, akawa karani wa serikali na baadaye hakimu. Msomi wa chuo kikuu hakuwa. Kwa maoni yetu kazi zile zilimfaa kuliko shahada, maana karani na hakimu hushinda barazani akisikiliza wazee wakibishana juu ya mipaka, mahari, na nani alitangulia kufika wapi.

Mwaka 1954 East African Literature Bureau ilimtolea kitabu, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Kabla yake mtu aliyetaka kusoma habari zetu alilazimika kufungua maandishi ya wageni, kama yale ya Mjerumani Heinrich Claus ya mwaka 1911. Mnyampala aliandika kwa Kiswahili, ili sisi wenyewe tusome. Alipita ukoo kwa ukoo akieleza chimbuko la kila mmoja: hawa walitoka Uhehe, wale Unyamwezi, wengine kwingineko. Anayesoma kurasa hizo haraka anagundua kwamba Ugogo ulikusanyika kutoka pande nyingi, na kwamba majirani tunaowatania leo ni ndugu wa damu. Kitabu kina upungufu wake. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na watemi wamepewa nafasi kubwa kuliko mkulima wa kawaida au mama wa nyumbani. Hata hivyo, ni wachache walioandika mapema hivyo juu ya watu wao wenyewe.

Wasomi hupima uzito wa utafiti kwa kuangalia unatajwa na nani katika kazi zilizofuata. Kwa kipimo hicho mzee wetu hakukaa kimya kaburini. Mwaka 1969, mwaka ule ule aliofariki, Peter Rigby alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya ng'ombe na undugu wa Wagogo, na kazi ya Mnyampala imo miongoni mwa alizozitegemea. Mwaka 1995 Maddox akatoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chenyewe nchini Marekani. Tangu hapo hata asiyejua Kiswahili aweza kukitumia, na si rahisi kwa mtu kuandika habari za njaa, mifugo au watemi wa nchi hii ya kati bila kulipitia jina hilo. Mfaransa Mathieu Roy naye aliandika tasnifu ya udaktari juu ya ushairi wake.

Na ushairi huo ulikuwa na hesabu yake. Ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani 16, ni mizani 64 isiyoruhusiwa kupungua wala kuzidi, na vina vikae mahali pake. Aliongoza UKUTA akiwa mwenyekiti, na baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alipowaomba washairi walifikishe kwa wananchi, Mnyampala akaikuza ngonjera. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, mwenyewe akiwa ameshazikwa.

Kinachotusumbua ni hiki. Mwanafunzi wa Marekani anaweza kukiazima kitabu cha 1954 kwa Kiingereza katika maktaba ya chuo chake. Mwanafunzi wa Ihumwa, ambaye babu zake ndio waliosimulia, atahangaika sana kuipata nakala ya Kiswahili, lugha ambayo kiliandikwa ili aisome yeye. Wazee wanaoweza kusahihisha au kuongezea yaliyomo wanapungua kila msimu wa kilimo.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu imetengwa kwa ajili ya rafu za vitabu katika shule zetu za sekondari, na vitabu vya Mnyampala vitatangulia kununuliwa. Mwenye nakala ya zamani nyumbani, hata iliyochanika jalada, tunaomba ailete siku ya harambee tuitolee kivuli. Atarudishiwa yake siku hiyo hiyo.