JOHN TYNDALL NA BLANKETI LA DUNIA

Juu ya Mlima Kenya kuna barafu iitwayo Tyndall. Jina hilo tunalikariri katika somo la Jiografia kisha twaenda zetu. Mimi nikataka kujua: huyu Tyndall alikuwa nani hasa?

John Tyndall alizaliwa mwaka wa 1820 kule Leighlinbridge, Ireland. Baba yake alikuwa polisi tu, si tajiri. Kijana alianza na kazi ya kupima ardhi, halafu akapima njia za reli Uingereza. Mwaka wa 1848 alikwenda Marburg, Ujerumani, kusoma sayansi, na kufikia 1853 alikuwa profesa katika Royal Institution, London. Milima nayo aliipenda mno. Mwaka wa 1861, yeye na waongozaji wawili walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Weisshorn, Uswisi.

Lakini lililonivutia mimi ni jambo aliloanza kulichunguza mwaka wa 1859. Jua hupasha ardhi joto, na ardhi nayo hulirudisha joto hilo juu. Mbona basi halipotei lote tukaganda? Wataalamu walikwisha kukisia kwamba hewa hulizuia, ila hewa ipi? Tyndall alichukua bomba la shaba, akaziba ncha zake kwa vipande vya chumvi ya mawe, maana kioo kingelizuia joto lenyewe. Akajaza hewa moja baada ya nyingine, akapima joto linalopenya. Kumbe oksijeni na naitrojeni, ambazo ni karibu hewa yote, hulipisha tu! Wanaolishika ni mvuke wa maji na kabonidioksaidi, ingawa ni haba. Bila blanketi hilo, wastani wa joto duniani ungekuwa nyuzi 18 chini ya sufuri, badala ya 15 juu yake. Mahindi gani yangeota hapo?

Haki itendeke pia: Eunice Foote, mama wa Kimarekani, alionyesha mwaka wa 1856 kwamba kabonidioksaidi hupata joto sana juani. Alisahauliwa zaidi ya karne nzima.

Siku hizi tunaongeza kabonidioksaidi kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta, blanketi linazidi kuwa zito, na ile barafu yenye jina la Tyndall imesinyaa vibaya.

Mwenyewe alifariki Desemba 1893. Mkewe, Louisa, alimpa dawa ya usingizi kupita kiasi, akidhani ni dawa ya tumbo. Mama huyo aliishi hadi 1940 akikusanya barua za mumewe ili aandike maisha yake. Kitabu hakukimaliza.