Gaspard Monge

Gaspard Monge (Beaune, Mei 1746 – Paris, 28 Julai 1818) alikuwa mwanahisabati kutoka nchi ya Ufaransa. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa jiometria ya michoro, lakini hata mwanafunzi wa sekondari anayetafuta mlinganyo wa mstari kwa mteremko na nukta moja anatumia kanuni inayopatikana katika maandiko yake.

Maisha

Baba yake alikuwa mchuuzi. Kwa kuwa hakutoka katika ukoo wa makabaila, aliingia shule ya wahandisi wa jeshi ya Mézières kama mchoraji tu. Huko alipewa kazi ya kupanga ngome isiyofikiwa na mizinga ya adui, jambo lililohitaji hesabu ndefu. Aliimaliza kwa kuchora, tena haraka mno, hata mkubwa wake akakataa kwanza kuikagua. Baadaye njia hiyo ilifanywa siri ya jeshi kwa miaka mingi.

Mlinganyo wa mstari

Descartes na Fermat walikuwa wameunganisha aljebra na jiometria tangu karne ya 17, ila walivutiwa zaidi na mistari iliyopinda. Monge aliupa mstari mnyoofu nafasi yake. Katika andiko lililochapishwa mwaka 1784, mstari wenye mteremko a unaopita kwenye nukta (x′, y′) una mlinganyo huu:

y − y′ = a(x − x′)

Yaani, ukianzia nukta inayojulikana, badiliko la y ni badiliko la x mara mteremko, popote uendapo juu ya mstari. Kwa mfano, mteremko ukiwa 2 na nukta ikiwa (3, 4), tunapata y − 4 = 2(x − 3), yaani y = 2x − 2. Tukiweka 3 badala ya x, jibu ni 4, kama inavyotakiwa.

Siasa na kifo

Wakati wa Mapinduzi ya Kifaransa alikuwa waziri wa jeshi la majini (1792–1793), kisha mmoja wa waanzilishi wa École Polytechnique (1794). Mwaka 1798 alifuatana na Napoleon hadi Misri. Urafiki huo ulimponza: Napoleon alipoanguka, Monge alivuliwa vyeo, na mwaka 1816 akaondolewa katika Taasisi ya Ufaransa.

Alipofariki, serikali iliwakataza wanafunzi wa École Polytechnique kuhudhuria mazishi. Kesho yake walikwenda kaburini wenyewe. Mwaka 1989 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, Paris.