Livingstone na soko la Nyangwe

Jina la David Livingstone tunalijua wote, lakini habari yake ya Maniema, jimbo linalopakana na Walikale yetu, wengi hatukufundishwa. Alizaliwa Scotland mwaka 1813, na kwa miaka 10 tayari alitumika kwa kiwanda cha pamba. Safari zake za kwanza tuziache, ni nyingi mno.

Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mgonjwa na mbali na kwao. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Basi akachukua gazeti la zamani la London, akaligeuza upande, akaandika juu ya maandishi yake kwa wino wa mbegu za porini. Nasi tukikosa kaye siku moja tunasema kazi haiwezekani!

Aliandika nini? Soko. Alienda kukaa humo kuangalia wamama na vitunga vyao, samaki, chumvi, kuku, na namna walivyobishana bei. Zaidi ya miezi mitatu aliwatazama. Tarehe 15 Julai watu wa biashara ya watumwa wakawapigia bunduki humohumo sokoni. Mamia walikufa, wengi majini. Hilo pia aliliandika, na sisi tunaona liliwachoma wasomaji sababu mwandishi alikuwa amewazoea wauza samaki wale.

Stanley alifikisha barua zake Uingereza mwaka 1872. Juni 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Livingstone hakulijua neno hilo: alikufa tarehe 1 Mei.